Kitendo Kisicho na Jina: Lugha za Skripti, Kumbukumbu ya Muktadha na Ushahidi wa Kiswahili



Utangulizi

Ichukuliwe hali ifuatayo. Siku ya Jumatatu karani mmoja mjini Kibondo anaandika kijikaratasi: "Shikamoo mzee. Tafadhali uje kesho na yale magunia tuliyokubaliana." Anamkabidhi dereva wa bodaboda ampelekee mkulima wa maharage huko Kumsenga. Mvua inanyesha, barabara inakuwa tope tupu, na kijikaratasi kinafika Jumatano asubuhi. Mzee anakisoma. Je, kesho ni lini? Akihesabu kuanzia siku anayosoma, atafunga safari Alhamisi. Akihesabu kuanzia siku kilipoandikwa, atatambua kwamba siku aliyoitiwa ilikuwa Jumanne, nayo imekwisha pita. Aidha, "yale magunia" ni yapi? Kijikaratasi hakitaji idadi wala aina. Idadi imo katika mazungumzo ya wiki iliyopita, ambayo dereva hakuyasikia.

Mkulima yeyote mwenye busara atalijibu swali la kwanza bila kusita: kesho ni ya mwandishi. Maneno hubeba mahali na wakati yalipotamkwa, hata yakisafirishwa mbali. Jibu hilo, ambalo kwa msemaji wa Kiswahili ni jambo la kawaida kabisa, liliwachukua watunzi wa lugha za kompyuta miaka mingi kulifikia, na hadi leo wanabishana jinsi ya kulitekeleza. Mhadhara huu unachunguza ubishi huo. Swali lake ni hili: je, lugha ya skripti, yaani lugha nyepesi ya kuandikia programu ndogondogo na kurasa za intaneti, inapaswa kumruhusu mtumiaji atunge funksheni zisizo na jina, zenye kukumbuka muktadha zilimotungwa? Hoja inayotetewa ni kwamba swali hilo lina sehemu mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Kukosa jina ni suala dogo. Kukumbuka muktadha ndiko kwenye uzito, na ndiko mwanafunzi anakopaswa kuelekezwa kwanza.

Maana ya istilahi

Funksheni ni kipande cha maelekezo kinachopokea kitu, kukifanyia kazi na kurudisha jibu. Kigeu ni jina linalobeba thamani inayoweza kubadilika, kama vile bei au uzito. Kwa kawaida funksheni hupewa jina mahali pamoja, kisha huitwa kwa jina hilo mahali pengine.

Ichukuliwe sasa programu yenye orodha ya magunia yaliyopimwa ghalani. Lugha nyingi zina amri ya kuchuja orodha, na amri hiyo hudai kupewa kanuni ya kuchujia. Mtunzi wa programu anaweza kuiandika kanuni hiyo pembeni, akaipa jina, kisha akalitaja jina hilo mbele ya amri. Vilevile anaweza kuiweka kanuni yenyewe papo hapo: "kwa kila gunia, lichukue ikiwa uzito wake unazidi kilo 100." Kanuni hiyo ya pili ndiyo funksheni isiyo na jina. Imetungwa pale inapohitajika, nayo haitajwi tena kwingineko.

Suala linakuwa gumu pale kanuni inaposema: "lichukue ikiwa uzito wake unazidi kiwango." Neno "kiwango" halikufafanuliwa ndani ya kanuni. Karani alilipa thamani asubuhi, nje ya kanuni. Kanuni inapobebwa hadi sehemu nyingine ya programu na kutekelezwa baadaye, ni kiwango kipi kitakachotumika: kile cha mahali ilipotungwa, au chochote chenye jina hilo kitakachokutwa mahali inapotekelezwa? Ni swali lilelile la kesho ya karani. Funksheni inayochukua kiwango cha mahali ilipotungwa na kusafiri nacho ndiyo itakayoitwa fumbato katika mhadhara huu, kutokana na kitenzi fumbata, yaani kushika kitu ndani ya kiganja kilichofungwa. Sababu za uteuzi huo zitaelezwa baadaye.

Ushahidi wa lugha za binadamu

Kiswahili kina njia tatu zinazohusiana na mjadala huu. Ya kwanza ni kitenzi-jina. Katika sentensi "Kulima kumemchosha" na "Alimfundisha kulima", kitendo kimegeuzwa kuwa nomino. Kinaleta upatanisho wa kisarufi, kinakuwa kiima, kinakuwa yambwa, na kinaweza kukabidhiwa kitenzi kingine kama vile mtu anavyokabidhiwa jembe. Huo ndio uwezo wa msingi unaodaiwa kwa funksheni: kwamba kitendo kiweze kushikwa na kupitishwa kama kitu.

Njia ya pili ni urejeshi. Msemaji hahitaji jina la mtu ili amtaje. Husema "aliyeleta magunia" au "anayepima", na mtajwa akajulikana kwa kitendo chake. Hakuna msemaji wa Kiswahili anayeona kwamba neno "aliyeleta" lina upungufu kwa kuwa halina jina ndani yake. Jina hutolewa pale mtajwa anapotarajiwa kutajwa tena na tena. Anapotajwa mara moja tu, maelezo hutosha.

Njia ya tatu ndiyo muhimu zaidi, nayo ni ile -o ya urejeleo inayopatikana katika "huyo", "hicho" na "hapo". Mofimu hii humwagiza msikilizaji arudi nyuma katika mazungumzo, atafute kilichokwisha kutajwa. Neno "hicho" halina maana kamili peke yake. Maana yake hukamilishwa na mahali liliposemwa.

Katika nyanda za juu za Kigoma suala hili huonekana waziwazi, kwa kuwa lugha nyingi hukutana hapo. Wenyeji wa Kibondo na Kasulu husema Kiha, ambacho Malcolm Guthrie alikiweka katika kundi moja na Kirundi, kwa namba D66 na D62 mtawalia. Wilaya hizo zilipokea pia wakimbizi wengi kutoka Burundi, waliowekwa katika kambi kama Nduta na Nyarugusu. Katika Kirundi, neno "ejo" humaanisha jana na kesho pia. Msemaji wa Kiswahili anayelisikia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba Warundi hupotezana kila siku. Hawapotezani, kwa sababu njeo ya kitenzi huifunga maana iliyoachwa wazi: kitenzi kikiwa cha wakati uliopita, ejo ni jana; kikiwa cha wakati ujao, ejo ni kesho. Funzo lake ni kwamba lugha inaweza kubeba neno lenye maana iliyo wazi bila madhara, mradi iwe na kanuni thabiti, inayojulikana na wote, ya kuifunga maana hiyo.

Historia fupi ya suala hili katika kompyuta

Funksheni isiyo na jina ni ya zamani kuliko kompyuta za kielektroniki. Katika miaka ya 1930 mwanamantiki wa Marekani, Alonzo Church, alibuni mfumo wa alama ambamo funksheni huandikwa kwa herufi ya Kigiriki lamda bila kupewa jina. John McCarthy alitumia alama hiyo katika lugha ya Lisp mwishoni mwa miaka ya 1950. Hata hivyo, Lisp ya mwanzo ilikuwa na kasoro ile ya mkulima anayeihesabu kesho kuanzia siku anayosoma: thamani ilitafutwa mahali funksheni ilipotekelezwa. Mwaka 1964 Peter Landin, mtaalamu wa Uingereza, alieleza jinsi ya kuifunga funksheni pamoja na mazingira yake, na ndiye aliyeipa dhana hiyo jina lake la Kiingereza. Lugha ya Scheme, iliyobuniwa na Gerald Sussman na Guy Steele mwaka 1975, iliifanya kesho ya mwandishi kuwa kanuni ya lugha nzima.

Lugha za skripti zilizofuata zilipita njia tofauti, na tofauti hizo zinafundisha mengi. Lua, iliyobuniwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro nchini Brazili, ni mfano wa kwanza. Lugha hiyo, ambayo jina lake ni neno la Kireno lenye maana ya mwezi, ililengwa kwa wahandisi ambao kazi yao kuu haikuwa kuandika programu. Mwaka 1998 toleo lake la 3.1 liliruhusu funksheni zisizo na jina. Thamani za nje zilichukuliwa kwa nakala, na kila moja ilibidi itiwe alama maalumu. Toleo la 5.0 la mwaka 2003 liliondoa alama hiyo na kuleta fumbato kamili. Katika Lua, funksheni zote hazina majina kwa asili yake. Kinachoitwa jina ni kigeu tu kinachoibeba funksheni.

Python, lugha ya Guido van Rossum wa Uholanzi, ilipata funksheni zisizo na jina mwaka 1994. Lakini funksheni hizo hazikuweza kuona vigeu vya funksheni iliyozizunguka hadi mwaka 2001. Kwa takriban miaka saba, basi, Python ilikuwa na kutokuwa na jina bila kuwa na kumbukumbu. Watumiaji walilazimika kupenyeza thamani kwa hila. Mwaka 2005 van Rossum mwenyewe alitamani kuziondoa funksheni zisizo na jina katika toleo la tatu la lugha yake. Hatimaye zilibaki, lakini zikiwa zimewekewa mpaka wa usemi mmoja tu. Hakuna aliyependekeza kuondoa kumbukumbu iliyopatikana mwaka 2001. Ushahidi huu unatosha kuonyesha kwamba mambo haya mawili hutenganika, na ni lipi kati yake lililoonekana la lazima.

PHP, iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf katikati ya miaka ya 1990, ilichelewa zaidi. Mwaka 2000 ilileta njia ya kutunga funksheni kutokana na matini: mtunzi aliandika kanuni kama maneno ndani ya alama za nukuu, na kompyuta ikayageuza kuwa kanuni wakati wa utekelezaji. Njia hiyo haikubeba muktadha wowote. Tena ilikuwa ya hatari, kwa sababu maneno yaliyotoka kwa mgeni asiyejulikana yangeweza kuingizwa ndani ya nukuu na kutekelezwa kama amri. Fumbato halisi lilikuja katika toleo la 5.3, mwezi Juni 2009, na ile njia ya matini ikaondolewa kabisa katika toleo la 8.0 la mwaka 2020.

Mfano wa Afrika Mashariki

Tarehe ya Juni 2009 ina maana katika eneo hili. Mwezi Januari 2008, kufuatia machafuko ya baada ya uchaguzi nchini Kenya, Ory Okolloh na wenzake walianzisha jukwaa la intaneti la kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Waliliita Ushahidi. Jukwaa hilo lilikuja kuandikwa kwa PHP, kabla ya lugha hiyo kupata fumbato. Kwa hiyo hoja kwamba kazi kubwa haiwezi kufanyika bila fumbato haina msingi. Ilifanyika, na ikatumika katika nchi nyingine nyingi.

Hata hivyo, jina la jukwaa hilo linaeleza dhana inayojadiliwa kuliko kitabu chochote cha kompyuta. Shahidi anayesema "niliona watu wakikimbia" bila kutaja mahali wala saa hajatoa ushahidi. Kauli yake huwa ushahidi pale inapobeba mahali ilipozaliwa. Msomaji aliye Nairobi hana ruhusa ya kuisoma taarifa ya Eldoret kana kwamba "hapa" ni Nairobi. Fumbato ni kauli iliyobeba hapa pake.

Hoja za wapinzani

Hoja za wanaopinga hazipaswi kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba jina husaidia kutafuta kosa. Programu inapokwama, kompyuta huorodhesha funksheni zilizokuwa zikitekelezwa. Pale ambapo pangekuwa na jina la kumwelekeza msomaji, funksheni isiyo na jina huacha alama moja ile ile kila mara. Orodha yenye alama hiyo mara kumi ni kama daftari la zahanati ambamo wagonjwa wote wameandikwa Fulani. Hoja hii ni ya kweli, lakini inahusu jina tu. Dawa yake ni mtunzi kuipa jina kila kanuni ndefu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Ichukuliwe programu ya kliniki inayotayarisha jumbe za simu za kuwakumbusha kina mama watano siku ya chanjo ya watoto wao. Programu inapitia orodha, na kwa kila mama inatunga funksheni itakayotuma ujumbe baadaye. Katika JavaScript, lugha iliyoanza mwaka 1995, kigeu cha mzunguko kilikuwa kimoja kwa mizunguko yote. Mafumbato yote matano yalishika chombo kimoja, na wakati wa kutuma chombo hicho kilikuwa kimebaki na jina la mwisho. Jumbe zote tano zingekwenda kwa mama wa tano, na watoto wanne wangekosa kukumbukiwa. Kompyuta isingelalamika, kwa kuwa kisarufi hapakuwa na kosa. Ni sawa na karani aliyeandika "uje siku iliyoandikwa ubaoni", ilhali ubao hufutwa kila asubuhi. Kanuni ya kesho ya mwandishi imetimizwa, lakini kilichobebwa ni ubao badala ya siku. Mwaka 2015 JavaScript iliongezewa aina ya kigeu kinachozaliwa upya kila mzunguko, na tatizo hilo likapata dawa kwa wanaokitumia.

Hoja ya tatu ni ya gharama. Kilichofumbatwa hakiwezi kutupwa. Fumbato likishika orodha kubwa, orodha hiyo hukaa katika kumbukumbu ya kompyuta kwa muda wote fumbato linapoishi. Katika simu ya bei nafuu, mzigo huo huhisiwa haraka.

Hoja ya pili na ya tatu zinaelekea upande mmoja: hatari hutokea pale msomaji asipoona ni nini kilichobebwa. PHP ilitoa jibu la kuheshimika. Mwaka 2009 ilimtaka mtunzi ayaorodheshe waziwazi majina yote yanayochukuliwa kutoka nje, na ikaagiza kwamba kinachochukuliwa ni nakala ya thamani, isipokuwa mtunzi atake vinginevyo kwa alama maalumu. Wengi waliona kwamba utaratibu huo unachosha. Mwaka 2019 toleo la 7.4 likaleta umbo fupi linalochukua thamani bila orodha, lakini kwa nakala tu na kwa usemi mmoja tu. Mgawanyo huo una mantiki ya lugha ya kawaida. Katika sentensi fupi, "hicho" hutosha. Katika mkataba wa kurasa kumi, kila kitu hutajwa kwa jina lake.

Suala la istilahi na mwanafunzi

Mtoto wa Kumsenga mara nyingi hujifunza Kiha nyumbani, Kiswahili katika shule ya msingi, na Kiingereza anapoingia sekondari ya serikali, ambako ndiyo lugha ya kufundishia. Akifika kwenye somo la kompyuta, hukutana na lugha ya nne iliyotungwa kwa maneno ya ile ya tatu. Anapoambiwa neno la Kiingereza la fumbato, lenye kuhusiana na kufunga, hudhani kwamba kuna kitu kinachofungwa kama mlango. Anakariri ufafanuzi, anafaulu mtihani, kisha anatuma jumbe tano kwa mama mmoja.

Kazi ya kukipa Kiswahili maneno ya kompyuta si ngeni. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, na ukalazimika kutafuta maneno ya menyu na vitufe. Lakini maneno ya menyu humhudumia mtumiaji. Maneno ya sarufi ya programu humhudumia mtunzi, nayo bado yana mapengo.

Kwa dhana hii njia tatu ziko wazi. Kutohoa kungeleta "kloja", neno ambalo halimwambii mwanafunzi chochote. Tafsiri ya moja kwa moja ingeleta "kifungo", ambalo tayari lina maana ya gereza na ya shati. Neno fumbato lina sifa mbili. Kwanza, linaonyesha mkono ulioshika kitu na kuondoka nacho, na hiyo ndiyo maana halisi ya dhana. Pili, linazalisha maswali yanayofaa: umefumbata nini? Umefumbata siku, au umefumbata ubao? Mwanafunzi anayeweza kuuliza hivyo kwa Kiswahili ameelewa, hata kama baadaye atajibu mtihani kwa Kiingereza. Neno hili linatolewa kama pendekezo, na hukumu yake ni ya watumiaji na ya Baraza la Kiswahili la Taifa.

Hitimisho

Je, lugha ya skripti inapaswa kuruhusu funksheni zisizo na jina na mafumbato? Jibu ni ndiyo, lakini kwa uzito tofauti. Kutokuwa na jina ni urahisi unaofaa kanuni fupi zinazotumika mara moja, kama vile "aliyeleta magunia" linavyofaa pale jina lisipohitajika. Kanuni ikirefuka, ipewe jina. Kukumbuka muktadha ni uaminifu: lugha inayoruhusu kanuni isafiri inawajibika kuhakikisha kwamba kanuni hiyo inafika na maana iliyotoka nayo. Tena uaminifu huo hauna budi kuonekana, ili msomaji ajue kilichobebwa ni thamani au ni chombo kinachobadilika.

Mzee wa Kumsenga aliyepokea kijikaratasi Jumatano hakuhitaji somo la kompyuta ili ajue kwamba amechelewa. Alihitaji kitu kimoja ambacho karani hakukiandika, yaani tarehe. Kama ingekuwapo juu ya karatasi, angejua mara moja kesho ilikuwa siku gani. Watunzi wa lugha za kompyuta wametumia miongo mingi kutafuta mahali pa kuandika tarehe hiyo, na wanafunzi wa nyanda za juu za Kigoma wana haki ya kuelezwa jambo hilo kwa lugha ambayo tayari wanajua kuulizia kesho.